Mji mzima unasukuma kiti kimoja: nimeitazama Lars and the Real Girl

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2007, lakini mimi nimeipata mwaka huu, hapa Mwanga, Kigoma, kwa kijana anayerusha muvi vibanda viwili kutoka kibanda changu cha cherehani. Nilimpa flashi nikamwambia nataka ile ya mwanamume aliyeleta mdoli nyumbani akasema ni mchumba wake. Mteja wangu mmoja ndiye aliyenisimulia nikiwa nampima gauni. Kijana akaniambia, "Mama, hiyo haina ngumi hata moja, utasinzia." Akataka kunirushia ya vita. Nikakataa. Akatafuta kwenye kompyuta yake muda mrefu mpaka akaipata, shilingi mia tano. Ya kutafsiriwa kwa Kiswahili hana, ni Kiingereza chenye maandishi chini.

Nimeitazama mara tatu: peke yangu, kisha na mama nikimfasiria, kisha na kaka yangu. Hiyo ya tatu ndiyo imenikalisha chini kuandika.

Kaka nimemwomba ruhusa. Alisema, "Andika, ila jina langu usiweke. Weka Karani." Basi humu ataitwa Karani, na mtaona sababu.

Kisa ni hiki. Lars ni kijana wa mji mdogo wenye baridi kali huko Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Ana kazi ya ofisini, kanisani haachi kwenda, mpole, hana ugomvi na mtu. Ila anaishi gereji, kando ya nyumba ya wazazi ambayo sasa anakaa kaka yake Gus na mkewe Karin. Karin ni mjamzito. Kila mara anamwita shemeji yake aje ale nao, na kila mara shemeji ana udhuru. Siku moja Karin anamvizia nje, anamkimbilia na kumbwaga chini, na ujauzito wake huo, ili tu akubali kuja kula chakula cha jioni. Mama alicheka hapo mpaka kanga ikamfunguka. Akasema, "Huyo ndiye shemeji. Wengine wote ni wake wa kaka tu."

Halafu jioni moja Lars mwenyewe anagonga mlango, uso umechangamka. Ana mgeni. Ni mwanamke, wamejuana kwenye intaneti, anaitwa Bianca, nusu Mbrazili nusu Mdenmark, mmisionari, hatembei, na Kiingereza hajui sana. Mizigo yake imeibwa njiani. Gus na Karin wanafurahi kama watu waliongojea mvua. Kisha tunaonyeshwa nyuso zao zimeganda, na baada ya hapo ndipo tunamwona Bianca amekaa kando ya Lars: mdoli, ukubwa wa mtu mzima.

Midoli ya namna hiyo inauzwa kwa watu wazima kwa mambo ya faragha, na kwa sababu hiyo nilisita kuiweka mbele ya mama yangu. Nawatoa hofu. Hakuna tendo la aibu humu ndani. Jambo la kwanza analoomba Lars ni Bianca alale nyumba kubwa, kwenye chumba kilichokuwa cha marehemu mama yao, kwa kuwa hawajaoana na haipendezi walale pamoja. Mama alisikia hilo akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Amelelewa."

Aliyeigiza Lars ni Ryan Gosling. Muongozaji ni Craig Gillespie, na aliyeiandika ni Nancy Oliver, ambaye hadithi hii ilimpeleka kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, kundi la hadithi zilizoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya filamu. Hakushinda. Nimesoma pia kwamba wakati wa kupiga picha yule mdoli alitendewa kama mwigizaji: alivalishwa faragha kwenye gari lake mwenyewe, akaletwa tu kwenye sehemu zinazomhusu. Naamini, kwa sababu inaonekana. Hakuna mtu humo anayemshika kama kiti au gunia.

Mimi ni fundi, naanza kutazama nguo kabla ya uso. Filamu hii ameifanya mtu anayejua nguo zinasema nini. Bianca anafika na nguo ambazo mwanamke wa heshima hatoki nazo nje. Karin anafungua kabati lake mwenyewe, anamvika sweta na sketi, na kadiri siku zinavyokwenda Bianca anazidi kuonekana mtu wa pale, mpaka unamkuta kanisani amevaa sawasawa na akina mama wengine. Mdoli ni yuleyule, uso haubadiliki. Kilichobadilika ni kwamba kuna mtu aliyekaa akafikiria huyu atasikia baridi.

Na Lars naye, mtazameni nguo. Ana shati juu ya shati juu ya shati, na sweta juu yake. Shingoni amejizungushia kitambaa cha buluu. Mwanzoni kabisa Karin anakuja gereji asubuhi kumwita, kuna baridi, na Lars anampa kile kitambaa ajifunike. Unakiona kama skafu tu. Baadaye ndipo unakuja kujua kwamba ni blanketi la mtoto mchanga, mama yake alimfumia akiwa bado tumboni, na mama huyo alifariki siku ya kumzaa yeye. Nikarudi nyuma kuitazama tena sehemu ile ya gereji. Mtu mwenye kitu kimoja tu cha mama yake, anakivua shingoni mwake na kumpa mjamzito aliyesimama kwenye baridi. Kumbe ile mimba ya shemeji inamtia hofu kuliko kitu chochote duniani, kwa kuwa kwa jinsi anavyojua yeye, kuzaa ndiko kulikomuua mama.

Nilipomweleza mama hilo alisema, "Ndiyo maana ya gereji," akasogeza kigoda karibu na televisheni.

Sasa mniruhusu nimlete Karani.

Kaka yangu aliugua akiwa na miaka ishirini na minne, mwaka uleule baba alipofariki. Baba alikuwa mtu wa reli, akaacha koti zito la buluu la kazini. Kaka alilivaa siku ya arobaini, na hakulivua kwa miaka. Kigoma jua linawaka, watu wanajipepea na vipande vya maboksi, yeye ana mashati matatu na koti la reli. Kichwa hakuruhusu kunyolewa. Ukimgusa bega alikuwa anaruka kama umembandika pasi.

Sikuwahi kuelewa kwa nini mpaka nilipomsikia Lars akimwambia daktari kwamba akiguswa anaumia. Daktari anauliza, kama kuungua? Naye anatafuta mfano: ni kama miguu iliyoganda kwa baridi kali nje, halafu umeingia ndani inaanza kupata joto. Mimi theluji sijaiona. Lakini nilisimamisha filamu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Miaka yote ile tulidhani kaka anatukataa. Mama alikuwa analia chumbani kwamba mwanawe hataki mkono wake. Hakuna aliyetuambia kwamba huenda ni ngozi yenyewe inauma.

Kabla ya kuugua alikuwa kibarua wa kuhesabu magunia bandarini, na katika watoto wote wa mama yeye ndiye mwenye mwandiko mzuri. Alipougua akapata imani kwamba serikali imempa kazi ya kuandikisha kila chombo kinachotia nanga Kibirizi asubuhi, na kwamba Dodoma wanaisubiri ripoti. Akanunua kaunta buku. Kila alfajiri alitembea kutoka Mwanga hadi Kibirizi, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama kwenye mchanga kati ya akina mama wanaosubiri dagaa, akaandika.

Mwanzoni walimcheka. Watoto walimfuata na majina, na mara mbili alirudi na damu kichwani. Sisi nyumbani tulikuwa tunamfungia mlango asiende, na akifungiwa alikuwa anagonga kichwa ukutani. Tulipita pia kwa mganga mmoja ambako alifungwa kamba siku kumi na moja. Makovu ya kifundo cha mguu yapo hadi leo, na zaidi ya hapo sitasema.

Aliyebadilisha mambo ni mzee mmoja mwenye mitumbwi, sasa ni marehemu. Asubuhi moja alishuka majini, nguo zimelowa mpaka kiunoni, akamwendea kaka moja kwa moja, akampigia makofi ya salamu kama tunavyosalimiana watu wa huku, akasema, "Karani, mbona umechelewa? Andika. Mtumbwi mmoja, dagaa, mabeseni manane." Kaka akaandika. Kesho yake wavuvi wengine nao wakaanza kupaza sauti kutoka majini hata kabla ya kufika: "Karani! Andika sita!" Ndani ya mwezi mmoja watoto waliacha mawe, kwa sababu ukimrushia Karani jiwe ulikuwa unakutana na baba yako kwenye mchanga.

Tatizo lilibaki kwenye mbalamwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukikolea taa haziwavuti tena, na wavuvi wanakaa nyumbani siku kadhaa wakishona nyavu. Kaka alifika Kibirizi akakuta mchanga mtupu. Alikuwa anatembea huku na huku analia, anasema Dodoma watamwona mvivu. Yule mzee aliambiwa, akatoka kwake kumfuata. Akamwambia, "Andika sifuri, Karani. Serikali itajua ulifika."

Kaunta buku ninalo mimi, kwenye droo ya cherehani. Kuna kurasa zina tarehe, kisha sifuri, kisha saini. Sifuri kubwa, za duara kamili, kama zimechorwa kwa kifuniko cha chupa.

Kwa hiyo nilipofika kwenye kikao cha kanisani katika filamu, nilikuwa nimeshajua ninachokitazama. Daktari wa mji, Dagmar, mama mtulivu aliyeigizwa na Patricia Clarkson, amewaambia Gus na Karin wasimbishie. Bianca ana sababu ya kuja, anasema, na ataondoka wakati wake. Ili ampate Lars kila wiki, anatangaza kwamba Bianca presha imeshuka na anahitaji tiba maalumu. Bianca anawekwa "kupumzika", na Lars na daktari wanakaa wakiongea. Gus anaogopa jambo moja tu: watu watacheka. Basi wanawaendea wazee wa kanisa kuomba. Mmoja anaguna, mwingine anasema ni sanamu hilo. Ndipo bibi mmoja, Mama Gruner, anawakumbusha mmoja baada ya mwingine ya majumbani kwao: wewe una binamu anayewavika paka magauni, wewe mpwa wako alitoa fedha zake zote kwa chama cha watu wa vyombo vya angani. Kila nyumba ina wake. Jumapili inayofuata Bianca anaingia kanisani kwenye kiti cha magurudumu, na bibi huyo anampa maua.

Sisi ni Waislamu, mambo ya kamati ya kanisa siyajui, lakini mama alipiga paja akasema, "Huyo ni bibi wa Ujiji huyo!" Ana maana ya shangazi yake mmoja, na alikuwa sahihi.

Kuanzia hapo mji unamchukua Bianca kweli kweli. Anapewa kazi ya kuonyesha nguo dukani, anajitolea hospitali, mwishoni anachaguliwa kwenye bodi ya shule. Inachekesha, na tulicheka sana. Lakini hakuna hata mara moja filamu inatutaka tumcheke Lars. Kuna sehemu ofisini, mfanyakazi mwenzake Margo amekuta mdoli wake wa dubu amenyongwa kwa kamba na jamaa wa meza ya jirani. Analia. Lars anamkata yule dubu kamba, anamlaza mezani, anaanza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi kama anavyookolewa mtu aliyezama. Ni jambo la kuchekesha ukiliandika hivi. Ukilitazama unaona mtu anayefahamu kwamba machozi ya mwenzake ni ya kweli hata kama dubu si wa kweli.

Sehemu ambayo ningemwomba kila mtu aitazame, hata kama hana muda wa saa moja na dakika arobaini na sita, ni ya ugomvi wa Lars na Karin. Bianca ana ratiba yake sasa, watu wanakuja kumchukua, na jioni moja Lars anakasirika kwamba hayupo nyumbani, analalamika kwamba hakuna anayejali. Karin, ambaye kutwa amekuwa mpole, analipuka. Anamwambia watu wote wa mji huu wanafanya haya kwa sababu wanampenda yeye. Nani anamsukuma Bianca kazini, nani anamrudisha? Nani anamwogesha, anamvika, anamtoa kitandani na kumrudisha kitandani? Na Bianca si mdogo, ni mzito. Hakuna lililo rahisi katika hayo, na yote yanafanywa kwa ajili yako.

Filamu nyingi zinazomgusa mgonjwa wa akili ninazozifahamu, zetu na za nje, zinamtaka awe wa kutisha au wa kuchekesha, na upendo wa ndugu unaonyeshwa kwa machozi na wimbo. Hii inataja uzito. Inasema kuna mtu anainua mwili mzito kila asubuhi na mgongo unamuuma. Nimeishi hayo. Koti lile la reli lilichanika kwapa, bitana ikawa inaning'inia, na kaka hakukubali kulivua. Nilimshonea akiwa amelivaa. Anasimama mlangoni kwenye mwanga, mkono ameuinua juu, mimi nimepiga magoti na sindano ya mkono, nashona kwapa la koti huku nikihakikisha kidole changu hakigusi hata shati lililo ndani. Mshono ambao kwenye cherehani ni wa dakika tatu ulinichukua asubuhi nzima. Na koti lenyewe lilikuwa halijafuliwa. Nilifanya hivyo, nadhani, mara tano au sita, na kila mara nikimaliza nilikuwa naenda nyuma ya nyumba natapika.

Sasa kasoro, maana zipo.

Mji ule hauna mtoto hata mmoja anayerusha jiwe. Wachache wananong'ona, jamaa mmoja anatania, basi. Kibirizi ilichukua muda na ilihitaji mzee mwenye heshima yake aanze. Ningependa kuona angalau mtu mmoja wa mji ule akiwa mkatili, halafu tuone wengine wanamfanyaje.

Dawa hakuna kabisa. Lars anapona kwa mazungumzo na kwa watu, ndani ya miezi. Kaka yangu watu walimsaidia sana, lakini watu peke yao hawakutosha. Tulipanda naye treni, mimi na mjomba, tukapitia Tabora mpaka Dodoma, tukamfikisha Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Alirudi na vidonge na sindano ya kila mwezi, na ni ile sindano iliyomwezesha kulivua koti. Leo anachomwa hapahapa mjini, na siku ya sindano huwa naiandika kwa chaki ukutani. Atakayetazama filamu hii asije akadhani kwamba ukimkalia mgonjwa vizuri basi hospitali ya nini.

Na kuna swali la kumkubalia. Nesi mmoja aliyetusaidia sana alinifundisha hivi: usimbishie, lakini usimwongezee. Usimwambie Dodoma wamepiga simu. Muulize amelalaje, amekula, anaogopa nini. Katika filamu wanamwongezea, wanafika mpaka kumpigia mdoli kura. Nimelifikiria hilo sana nikiwa kwenye cherehani. Dagmar ana akili zake: kila kitu Bianca anachopewa kinamtoa Lars gerejini, kinampeleka kwenye sherehe, kanisani, kwenye boling, ule mchezo wa kuangusha pini kwa mpira mzito, na Margo. Na wavuvi wetu, nikikumbuka vizuri, hawakumwambia kaka uongo. Mitumbwi aliyoiandika ilikuwepo. Mabeseni yalikuwa manane. Walichomwachia tu ni ile Dodoma.

Gus nimempenda kuliko wote, labda kwa kuwa ndiye aliyekosea. Yeye ni mkubwa, aliondoka nyumbani mapema akamwacha mdogo wake na baba aliyekufa moyo tangu alipofiwa na mke. Analijua hilo, linamkaba, na filamu haimsamehei haraka. Siku Lars anamuuliza, uliwezaje kujua kwamba sasa wewe ni mwanamume? Gus anazungukazunguka, anatafuta maneno huku anakunja nguo, mwishowe anaomba msamaha. Mimi nina ndugu wengine wawili walioondoka Kigoma kaka alipougua. Nimewatumia filamu hii.

Bianca mwishoni anaugua. Mwisho wenyewe siutaji, ila kuna ziwa, dogo tu, na kuna asubuhi moja ambayo akina mama watatu wanakuja nyumbani na vyakula vyao na nyuzi zao za kufuma, wanakaa sebuleni na Lars. Anauliza kama kuna kitu anatakiwa afanye. Wanamwambia hakuna, ale. Wao wamekuja kukaa tu, maana ndivyo watu wanavyofanya likifika jambo.

Nilikuwa naanza kumfasiria mama, akanizuia kwa mkono. "Hapo usinifasirie. Hao wamekuja kukaa." Akajifunga kanga vizuri, akakaa nao mpaka sehemu ile ilipokwisha.

Mara ya tatu ilikuwa wiki iliyofuata. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na nyumba nzima ilijaa sare. Karani siku hizi ndiye anayenipigia pasi, pasi ya mkaa, na hakuna fundi Mwanga mwenye marinda yaliyonyooka kama yangu kwa sababu yake. Nilikuwa nimeogopa kumwonyesha. Yeye ndiye aliyeuliza, "Ile ya mdoli mnayocheka na mama, mnanificha?" Nikaiweka. Alisimama nyuma ya meza akipiga pasi, anatazama kwa jicho moja, mimi nafasiria huku natia vifungo. Kwenye kitambaa cha buluu hakusema kitu. Kwenye miguu iliyoganda hakusema kitu, ila niliona amelegeza pasi. Kwenye bodi ya shule alicheka mpaka majivu yakamwagika.

Kisha Karin akaanza kufoka, nani anamwogesha, nani anamvika. Nikafasiria yote bila kumwangalia. Harufu ya kitambaa kinachotaka kuungua ikanifikia, nikageuka. Alikuwa ameshainua pasi, ameishika hewani.

"Huyo shemeji amechoka," akasema.

Nikasema ndiyo, amechoka.

"Na wewe ulichoka. Siku zile za kwapa." Nikabaki na uzi mdomoni. "Nilikuwa najua unashona. Nilikuwa naukaza mkono usitetemeke, usije ukajichoma."

Akaipuliza pasi, akairudisha juu ya sare, akaniambia niendelee kufasiria, watu wanaongea na yeye haelewi wanasema nini.